Hesabu ya Dhahabu: Somo juu ya Mali ya Ardhi na Wajibu wa Raia

Jirani watatu wa kijiji kimoja karibu na Gety wameweka pamoja magunia kumi ya maharagwe, wakampa mwenzao wa nne ayapeleke Bunia kwa lori akayauze. Bunia ni mbali, kilomita 60 hivi, na njia ina vizuizi vingi. Siku ya tatu mwenzao anarudi, anawakabidhi fedha, kisha anataka kwenda zake. Je, jirani hao watapokea tu na kunyamaza? Sivyo. Watamwuliza: Umeuza magunia mangapi? Kwa bei gani? Umelipa nini njiani, na ni nani aliyepokea? Mtu mwaminifu hakasiriki akiulizwa hivyo. Hufurahi, maana hesabu ikiisha kusemwa mbele ya wote, hakuna atakayemsingizia kesho.

Somo hili ni juu ya hesabu ya namna hiyo, lakini si ya maharagwe. Ni hesabu ya dhahabu na ya mali nyingine zilizomo ardhini. Mali hizo ni za watu wengi mno, wala wenyewe hawawezi kukaa wote chini ya mti mmoja ili wazigawanye. Kwa hiyo imekuwa lazima wawepo watu wa kuuliza kwa niaba ya wengine. Watu hao, wakikusanyika katika vyama visivyo vya serikali, wala vya jeshi, wala vya biashara, huitwa mashirika ya raia. Huko Bunia na Gety wengi husema tu sosiete sivile.

Mali hiyo ni ya nani?

Wazungu waligundua dhahabu ya Ituri mwaka 1903, huko Kilo. Mwaka 1926 ikaundwa Kampuni ya Migodi ya Dhahabu ya Kilo-Moto, na mwaka 1966, baada ya uhuru, likaundwa shirika la serikali kwa jina la OKIMO. Katika miaka hiyo yote wakubwa wa migodi walikuwa na vitabu vyao vya hesabu. Mtu aliyechimba alijua sululu na karai tu.

Leo sheria inasema vingine. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 58, inasema kwamba Wakongo wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na kwamba ni wajibu wa Dola kuugawanya kwa haki. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 58 bila kile cha 24 hakina nguvu. Maana mtu atadaije fungu lake asipojua kiasi kilichopatikana?

Fungu la sheferi

Sheria ya Migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaamuru kila kampuni yenye kibali cha kuchimba kwa mitambo ilipe mrabaha, ambao kwa Kifaransa huitwa redevansi. Mrabaha si kodi ya faida. Kampuni hulipa hata katika mwaka usio na faida, kwa sababu inalipia kitu ilichokitoa ardhini ambacho hakitarudi tena. Muhogo ukivunwa hupandwa mwingine. Dhahabu ikivunwa hubaki shimo.

Kwa dhahabu, mrabaha ni 3.5 kwa mia ya thamani yote ya mauzo, bila kutoa kwanza gharama za kampuni. Na utwaliwe mfano. Kampuni imeuza dhahabu ya dola 1,000,000. Mrabaha wake ni dola 35,000. Fedha hizo hugawanywa mafungu manne. Nusu yake, dola 17,500, ni ya serikali kuu. Robo, yaani dola 8,750, ni ya jimbo. Kumi kwa mia, dola 3,500, huwekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Na kumi na tano kwa mia, yaani dola 5,250, ni ya serikali ndogo ya mahali pale panapochimbwa: mji, komyuni, sekta, au sheferi. Walendu Bindi, ambayo makao yake ni Gety, ni sheferi. Basi kampuni ikichimba kwa mitambo katika ardhi yake, fungu hilo la nne ni lake.

Hapo kuna jambo la kuangaliwa sana. Katika sheria ya kwanza ya 2002, fungu la 15 lilikuwamo, lakini lilipitia hazina ya serikali huko Kinshasa, na mara nyingi halikufika lilikoandikiwa. Sheria ya 2018 ilibadili njia: kampuni yenyewe hulipa moja kwa moja katika akaunti ya sheferi. Ni maendeleo makubwa. Lakini mtu mwenye akili ataona kwamba hatari nayo imehama. Zamani fedha zilipotea mbali, na sasa zinaweza kupotea karibu.

Tena zaidi ya mrabaha, sheria hiyohiyo inaitaka kampuni itoe walau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya kazi za maendeleo ya watu wa mahali. Katika mfano wetu ni dola 3,000. Aidha kampuni hupaswa kuandikiana na wenyeji mapatano ya kazi itakazowafanyia, kama vile barabara, shule au visima, pamoja na majira ya kuzitimiza.

Swali: Je, fungu la sheferi ni zawadi ya kampuni?
Jibu: Siyo zawadi. Ni deni lililowekwa na sheria, na mwenye kulipa deni hangojei kushangiliwa.

Swali: Je, fungu hilo ni mali ya shefu?
Jibu: Hapana. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeipa sheferi bajeti yake yenyewe. Shefu ni mtunzaji wa bajeti hiyo, na fedha za bajeti hazirithiwi kama shamba au ng'ombe.

Swali: Je, kumwuliza shefu hesabu ni kumdharau?
Jibu: Mtu aweza kupiga magoti kwa heshima na bado akauliza. Adabu ni katika namna ya kuuliza, wala haikuamriwa popote kwamba adabu ni kunyamaza.

Vitabu viwili juu ya meza moja

Sasa, raia atajuaje kama kilicholipwa ndicho kilichofika? Njia ni moja, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Huchukuliwa kitabu cha mlipaji na kitabu cha mpokeaji, vikawekwa juu ya meza moja, na mstari ukalinganishwa na mstari. Kampuni ikiandika kwamba imelipa dola 5,250, na sheferi ikiandika kwamba imepokea 4,000, basi kuna dola 1,250 za kutafutwa. Hakuna haja ya kumwita mtu mwizi kabla ya hapo. Pengine benki imekosea, pengine tarehe hazilingani. Lakini swali limekwisha kuzaliwa, na haliwezi kurudishwa tumboni.

Njia hiyo ndiyo iliyowekwa duniani kote na mpango unaoitwa ITIE, yaani mpango wa uwazi katika mali za chini ya ardhi. Ulitangazwa mwaka 2002, na kanuni zake zikakubaliwa London mwaka 2003. Mwaka huohuo wa 2002 mashirika ya raia ya nchi mbalimbali yalianza umoja wenye mwito kwa makampuni: Chapisheni mnacholipa. Kisa kikubwa kilikuwa Angola, ambako mwaka 1999 shirika la Global Witness lilionyesha jinsi fedha za mafuta zilivyopotea wakati watu wakifa vitani. Kongo iliingia katika ITIE, na ripoti yake ya kwanza ilihusu mwaka 2007. Mwaka 2013 nchi ilisimamishwa kwa muda kwa sababu ripoti ya mwaka 2010 haikuridhisha, na Julai 2014 ikatangazwa kuwa imetimiza masharti. Katika kamati ya ITIE huketi pamoja watu wa serikali, watu wa makampuni, na wajumbe wa mashirika ya raia. Bila hao wa tatu, wawili wa kwanza wangeweza kupatana wenyewe kwa wenyewe, kama muuzaji na mnunuzi wanaoficha bei.

Serikali nayo ilitoa amri tarehe 20 Mei 2011 kwamba kila mkataba juu ya mali ya asili uchapishwe katika siku 60. Amri hiyo haikufuatwa daima. Mwishoni mwa mwaka 2012 Shirika la Fedha la Kimataifa liliacha kuikopesha Kongo, kwa kuwa habari kamili za mkataba mmoja wa shirika la Gécamines hazikutolewa. Watu wa Ituri hawakuhusika na mkataba ule hata kidogo, lakini hasara ilikuwa ya nchi nzima.

Habari ya Mongbwalu

Wengine husema: mashirika ya raia yana maneno tu, hayana bunduki wala fedha, yataweza nini? Habari ya Mongbwalu, katika teritwari ya Djugu, inawajibu.

Katika vita vya Ituri, vilivyoanza mwaka 1999, Mongbwalu ulipiganiwa mara nyingi kwa ajili ya dhahabu yake. Aliyeushika mji alishika mashimo. Na aliyeshika mashimo alinunua bunduki za kushikia mji tena. Watu wengi sana waliuawa. Dhahabu ilitoka, ikavuka mpaka kuingia Uganda, ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kila mtu wa Ituri alijua hayo, lakini kujua si kuthibitisha.

Basi watu wa haki za binadamu wakaanza kazi ya subira. Walizungumza na wachimbaji, na wachuuzi, na wajane. Tena wakafanya lile jambo la vitabu viwili: walitazama kiasi cha dhahabu kilichochimbwa Uganda kwa hesabu ya serikali ya huko, wakatazama na kiasi kilichouzwa nje kutoka Uganda. Kile cha kwanza kilikuwa kidogo mno. Kile cha pili kilikuwa cha makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Tofauti hiyo ilitoka wapi, kama si Kongo? Hakuna aliyehitaji kupanda juu ya mti usiku ili kuwapeleleza wachuuzi; karatasi za serikali zenyewe zilisema.

Juni 2005 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya dhahabu hiyo. Ilionyesha kwamba kampuni kubwa ya AngloGold Ashanti, iliyokuwa ikitafuta dhahabu Mongbwalu, ilikuwa na mahusiano na kundi la wenye silaha la FNI. Kampuni ilikiri kwamba Januari mwaka huo kundi hilo lilipewa dola 8,000, ikisema zilitolewa kwa kushurutishwa. Na kampuni ya Metalor ya Uswisi, iliyosafisha dhahabu, ikatangaza kwamba inaacha kununua dhahabu kutoka Uganda. Dola 8,000 si fedha nyingi kwa kampuni ya namna hiyo. Lakini zilipowekwa mwangani zilikuwa nzito, kwa maana zilikuwa fedha za watu wenye bunduki.

Isidhaniwe kwamba magendo yalikwisha siku ile. Njia moja ikifungwa, mchuuzi hutafuta nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2014 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba, katika dhahabu yote iliyochimbwa kwa mikono Kongo mwaka 2013, 98 kwa mia ilitolewa nchini kwa magendo, nyingi yake kupitia Uganda, ikauzwa Dubai. Yaani katika gramu 100, gramu 2 tu zilionekana na serikali. Gramu 98 hazikujenga darasa hata moja.

Hali ya Gety

Hapo ndipo neno lenyewe linapowagusa watu wa Walendu Bindi. Dhahabu ya huku huchimbwa kwa mikono, mashimoni na kando ya mito, wala haichimbwi na kampuni yenye mitambo mikubwa. Na lile fungu la 15 hulipwa na wenye vibali vya kuchimba kwa mitambo. Mchimbaji wa mikono halipi mrabaha huo. Basi mtu asidanganywe na mgeni anayekuja kuahidi kwamba fedha za mrabaha zinangoja Bunia. Hazingoji, maana hazikulipwa.

Kinacholipwa huku ni vitu vingine: kadi ya mchimbaji, kadi ya mchuuzi, kodi za jimbo na za sheferi mashimoni na sokoni. Sheria inataka wachimbaji wajiunge katika ushirika na wachimbe katika maeneo yaliyowekwa kwa kazi hiyo, ili dhahabu ifuatwe kutoka shimo hadi duka la mnunuzi mkubwa. Lakini kwa miaka mingi wenye silaha walikuwa na kodi yao wenyewe, isiyo na mhuri wala karatasi. Tarehe 28 Februari 2020 serikali na kundi la FRPI walitia sahihi mapatano ya amani huko Gety. Mei 2021 serikali ikaiweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Mapatano hayo ni mema kwa kila anayependa kulala usiku. Hata hivyo shimo lisilo na daftari humvuta mwenye bunduki mwingine, avae sare au asivae.

Kuna na mali nyingine inayokaribia, nayo ni mafuta ya Ziwa Albert. Uganda iliyapata upande wake mwaka 2006. Upande wa Kongo, mwaka 2010 Rais aliidhinisha mkataba wa maeneo mawili ya kando ya ziwa kwa kampuni mbili, Caprikat na Foxwhelp, zilizoandikishwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, mahali ambapo jina la mwenye mali halionyeshwi. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia hawakuweza kujua ni nani aliyepewa haki ya kuchimba chini ya nyavu zao. Mashirika ya raia, ya Kongo na ya ng'ambo, yalidai jina hilo kwa miaka, hata ikajulikana kwamba nyuma yake kuna jamaa ya mfanyabiashara Dan Gertler. Mafuta hayakutoka. Somo la kushika ni hili: katika mafuta, saa ya kuuliza ni kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Mkataba ukiisha kutiwa sahihi, swali huwa ghali.

Ni nani wa kuuliza, na kwa namna gani?

Huko Bunia upo umoja wa mashirika ya raia ya Ituri juu ya mali ya asili, unaofuata mambo ya dhahabu na ya mafuta. Maaskofu wa Kongo nao, mwaka 2007, waliunda tume yao juu ya mali ya asili, ambayo imewafundisha watu wa majimbo kusoma sheria na mikataba. Na katika Walendu Bindi kwenyewe ipo ofisi ya mashirika ya raia, ambayo watu huikimbilia zaidi katika mambo ya usalama. Ni haki, kwa maana mtu anayekimbia hana nafasi ya kusoma bajeti. Lakini mambo hayo mawili hayatengani sana. Bunduki nyingi za Ituri zililishwa na mali isiyohesabiwa.

Lazima isemwe pia kwamba mashirika ya raia si malaika. Mjumbe aweza kwenda mkutanoni Kinshasa, akalala katika nyumba nzuri, akapokea posho, akarudi na kabati lililojaa ripoti za Kifaransa ambazo hakuna mtu wa kijijini aliyezisoma. Huyo naye ni wa kuulizwa hesabu. Shirika linalodai vitabu vya shefu vifunuliwe, nalo lifunue vyake: nani amelipa, kiasi gani, kimefanya nini.

Tena kuuliza kuna hatari. Mahali penye wanajeshi na wachuuzi wakubwa, mtu anayeuliza peke yake hujitenga kama mbuzi aliyeachwa na kundi. Kwa sababu hiyo wajumbe huenda wengi, wanaume kwa wanawake, mchana, na kwa barua.

Mambo ya kuulizwa si mengi. Shimoni: ni mashimo mangapi yanayofanya kazi, ni nani mwenye kila moja, na wiki hii limetoa gramu ngapi? Kwa mtoza kodi: amepokea kiasi gani, kwa sheria ipi, na karatasi yenye mhuri iko wapi? Kwa sheferi: katika bajeti ya mwaka huu fedha za migodi zimeandikwa mstari gani, na zimetumika kwa kazi ipi? Kijana aliyemaliza darasa la sita aweza kuandika majibu katika daftari la shule, mistari mitatu kila wiki, na siku ya soko yakasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kingiti, ili hata mama anayeuza mafuta ya mawese asikie.

Mwezi wa kwanza majibu yatakuwa machache. Wenye mashimo wataogopa kwamba kodi itaongezwa, na hofu hiyo si ya bure. Wanatozwa na wengi. Hupaswa kuelezwa kwamba daftari linawalinda wao pia, maana aliyelipa mara moja na kuandikwa ana neno la kumjibu anayekuja kutoza mara ya pili. Na pale ambapo mtoza kodi anakataa kuonyesha karatasi zake, wajumbe huandika barua moja fupi isiyo na matusi, nakala kwa shefu, nakala kwa msimamizi wa teritwari ya Irumu, nakala kwa mashirika ya raia huko Bunia, wakaomba kila anayepokea atie sahihi yake na tarehe katika nakala wanayobaki nayo.